Wifi Ameibwa

Kikapu kilikuwa kitupu. Blanketi lake bado lilikuwa limejaa nywele za kahawia. Kufuli la geti halikuvunjwa. Nondo za dirisha la chumba cha kufulia zilikuwa zote mahali pake. Inspekta alisimama, mikono nyuma, huku sajini akisoma tena ujumbe uliotumwa kituoni jana jioni.

"'Wifi ameibwa.' Afande, mbona simu yangu inashika mtandao vizuri tu?"

"Ingekuwa mtandao, wangeandika 'imeibwa'. Sarufi, sajini. Aliyeibwa ana roho."

Mwenye roho huyo alikuwa mbwa jike mwenye mimba pevu. Mume wa nyumba hiyo, fundi saa, alimpenda kama dada yake wa tumbo moja. Ndipo mkewe akambandika jina la Wifi.

Walalamikaji walikuwa wawili, na kila mmoja alidai mbwa ni wake.

"Ni wangu," alisema mfugaji, mwanamke mwenye mkoba wa dawa begani. "Hawa ni familia mlezi tu. Anaishi kwao kama mbwa wa nyumbani. Akikaribia kuzaa namchukua. Watoto wakiacha kunyonya namrudisha. Leo nimekuja kumchukua, hayupo!"

"Analala miguuni pangu tangu akiwa mdogo," fundi saa alidakia. "Atakuwaje wako?"

"Mkataba ulitia sahihi mwenyewe."

"Nilitia sahihi, sikukata undugu!"

Kichwa cha Inspekta kilianza kuzunguka. Alizoea wizi wenye mwizi mmoja na mwenye mali mmoja. Mfugaji angeibaje kitu alichokuja kukichukua mchana kweupe? Na fundi saa, kama ndiye, angewaitia nini polisi? Kila aliposhika palimponyoka.

"Mara iliyopita alizaa kwa kupasuliwa," mfugaji alisema. "Akikwama bila msaada, atakufa."

Inspekta akamgeukia mke, aliyekuwa akipangusa meza iliyokwisha takata.

"Nawe, mama, unajua nini?"

"Nijue nini mimi? Katafuna viatu vyangu jozi mbili. Asiporudi, vilivyobaki vitapona."

"Kweli wifi ni wifi," sajini akacheka.

"Jana ulikuwa wapi?" Inspekta akamuuliza mke.

"Kwa dada yangu. Kuna kosa?"

Mvua ikaanza kupiga bati. Mke akatupia jicho dirishani. "Na mvua hii," alinong'ona, "watakuwa wanapata baridi."

Inspekta akainua kichwa. "Kina nani?"

"Wifi."

"Wifi ni mmoja."

"Ni... ni heshima, afande."

"Heshima kwa mtafuna viatu? Mama, wamezaliwa lini?"

Kitambaa kikamdondoka.

"Jana. Wote wazima, na mama yao mzima. Dada yangu ni mkunga. Alimzalisha, daktari wa mifugo akiwa pembeni yake."

Fundi saa aliduwaa. "Wewe? Wewe usiyempenda?"

"Wewe ulikuwa dukani kwako, baba! Wifi aliporudi mara ile baada ya kuzaa, maziwa bado yakimchuruzika, alitafuta watoto wake chini ya kila kitanda. Alipowakosa, alibeba viatu vyangu hadi kikapuni, akavilalia, akavilamba. Nilipovichukua alinitazama kama mimi ndiye niliyewaficha. Nikaapa hatatenganishwa nao tena."

"Watoto ni mali ya mfugaji," Inspekta alisema. "Hilo ni kosa la jinai."

"Najua. Nikamate."

Mfugaji alikuwa amejiketisha kitini bila kukaribishwa.

"Viatu?" aliuliza taratibu. "Alivilamba?"

"Mpaka vikalowa."

Inspekta akakohoa. "Mlalamikaji, unaendelea na mashtaka?"

Mfugaji aliinuka kitini. Aliusogeza mkoba wake begani. "Nipelekeni kwanza nikamwone mbwa wangu."

Mke alivaa viatu vyenye alama za meno, akafungua mlango.

"Twende. Ila tukifika tukanyage polepole," alisema. "Wifi yangu amelala."

Tangu mwanzo alikuwa akisema "Wifi" tu. Inspekta aliisikia ile "yangu", na safari hii hakuuliza kitu.