Kidole cha Badria

Asubuhi bandarini Malindi, Unguja, hapana pa kukanyaga. Mudrik, karani wa mizigo, alikuwa akiandika namba za marobota pale katoni la biskuti lilipoteleza kutoka juu ya rikwama. Msichana mmoja aliyekuwa akiwahi boti, baibui jeusi na raba nyeupe miguuni, akalidaka kabla halijafika chini.

"Umejifunza wapi kudaka hivyo?" Mudrik akamuuliza.

"Golini," akajibu, akamkabidhi katoni lake akaenda zake.

Wiki haikwisha Mudrik keshamjua. Alikuwa Badria, golikipa wa timu ya taifa ya Zanzibar ya mpira wa mikono, mtoto wa Makunduchi anayekaa kwa shangazi yake Kikwajuni. Wakapendana. Lakini siku moja Badria alimtajia kwa siri majina ya wachezaji walioteuliwa kwenda Kampala, kwenye michezo ya kanda. Kufika alasiri, bandari nzima inayajua, na kocha akamgombeza Badria mbele ya wenzake. Mudrik aliomba radhi. Alisema alimwambia Ubwa tu, karani mwenzake.

Huko Kampala timu ilianza vizuri. Walishinda mechi mbili, na kila jioni Badria alipiga simu wakataniana mpaka salio likamalizika. Siku ya tatu hakupiga. Mudrik alipopiga yeye, akapokea mwanamme.

"Amelala," sauti ikasema, simu ikakatwa.

Kesho yake Ubwa akamwonyesha picha iliyokuwa ikizunguka mitandaoni. Badria kakaa kwenye benchi, na mwanamme mwenye ndevu zilizochongwa kaushika mkono wake kwa mikono miwili. Ubwa akacheka. Mudrik akaituma picha ile kwa Badria na neno moja: Nani? Hakujibiwa.

Nusu fainali walishinda kwa goli moja, Badria akiokoa penalti ya mwisho. Fainali hakucheza kabisa, wakafungwa kwa tofauti ya magoli mawili. Hata hivyo ilikuwa medali ya fedha, ya kwanza katika maisha ya timu ile, na Malindi ikashangilia. Mudrik alijiuliza tu kwa nini golikipa bora akae nje, na alikaa na nani.

Boti iliporudi na timu, hakwenda kuwapokea. Badria ndiye aliyemfuata mzigoni, medali shingoni, mkono wa kulia umefungwa plasta.

"Yule wa kwenye picha ni daktari wa timu, na simu alipokea yeye," akamwambia. "Kidole kilivunjika mechi ya pili. Nusu fainali nimecheza nacho hivyo hivyo, fainali daktari akanikataza. Wapinzani wangejua, wangenipiga mipira upande huo tu."

"Mie ni mpinzani?"

"Ningekwambia wewe, angejua Ubwa. Ubwa akijua, Kampala nzima inajua."

Mudrik akainama. Badria akamwambia kwa sauti ya chini kwamba klabu moja ya kule Kampala inamtaka kwa mwaka mzima. Hajamwambia kocha wala shangazi.

"Nnakwambia wewe tu," akasema, akaondoka.

Hajakwenda mbali, Ubwa akafika.

"Vipi, kakwambia nini?"

Mudrik alihisi maneno yamemjaa mdomoni. Alitaka amuulize mtu: Badria akiondoka, huyo daktari atakwenda naye?

"Kasema kidole kinamuuma," akajibu, akarudi kwenye marobota yake.

Siku kumi na nne alikaa na siri ile, halali vizuri. Ijumaa baada ya sala, simu ikalia.

"Shangazi hajui mpaka leo," Badria akasema. "Nilikuwa nasubiri nisikie maneno yangu sokoni."

"Utakwenda?"

"Ntakwenda. Mwaka ni miezi kumi na miwili tu. Bado unanishuku?"

Mudrik alifikiri aseme uongo, akaona haufai.

"Kidogo."

"Na mie kidogo," Badria akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Kampala akacheka. "Basi walete wazee wako Jumapili, kabla sijaondoka."