Manjano kwenye Beringi

"Hilo boga ni langu!"

Yamini aligeuka. Mkono wa mwanamume ulikuwa umelishika boga jeupe kwa upande wa pili, na haukuonyesha dalili yoyote ya kuachia.

"Lako tangu lini? Umelizaa?"

Muuzaji alicheka mpaka shanga za shingoni zikamcheza. Soko la maua lilikuwa limefurika watu, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya zana, siku ambayo jiji zima la Bengaluru, huko India, huzivisha mashine maua, kuanzia baiskeli hadi kompyuta, na hakuna mashine inayofanyishwa kazi. Kila mtu alitaka boga la kupasua mbele ya mashine yake ili kuondoa husuda, na pale lilibaki hilo moja tu.

"Dada, mimi nimetumwa na ofisi," yule mwanamume alisema. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la buluu limekunjwa mikono, ndala zimejaa matope.

"Hata mimi nimetumwa. Ofisi gani?"

"Kampuni ya injini za ndege, kule Whitefield. Maabara ya majaribio. Nimehamia wiki hii."

Yamini akaangua kicheko. "Basi achia, bwana! Tunakwenda jengo moja."

Mwanamume aliachia, lakini macho hakuyaachia. Aliitazama sari ya hariri ya kijani ambayo Yamini alikuwa ameipandisha hadi vifundoni, akayatazama maua ya asumini kwenye nywele zake. "Hariri kwenye matope haya? Una moyo."

"Moyo ninao. Shika boga, unibebee."

Jina lake lilikuwa Sharat. Lilibebwa boga, yakabebwa na mengine, na mwaka haujaisha wawili hao walikuwa hawanywi kahawa ya asubuhi mmoja bila mwenzake. Yamini alikuwa mbunifu. Tangu ametoka chuo alikuwa anahangaika na kitu kimoja: beringi isiyotumia hata tone la mafuta, inayouacha mhimili wa injini uzunguke ukielea juu ya hewa. Wenzake walimwita mwendawazimu wa hewa. Sharat ndiye aliyekuwa anazijaribu mashine, na alijulikana kwa ukaidi wake. Kipimo kikisema hivi, ataandika hivi, hata ukimletea mfalme.

"Siku nikikuoa," alimtania Yamini, "nitakupima joto kila saa niandike."

"Nani kasema utanioa? Jipime wewe kwanza kichwa!"

Sikukuu ya zana ikaja tena. Mara hii ilikuwa na uzito wake, kwa sababu baada tu ya mapumziko beringi ya Yamini ilikuwa ijaribiwe kwa mara ya mwisho, kisha makao makuu ya ng'ambo yaamue: iingie kwenye injini, au itupwe. Mashine ikavishwa maua, ikapakwa manjano na poda nyekundu, ikapumzishwa. Siku ya jaribio ikawashwa, ikapiga mluzi, ikapanda mwendo. Ghafla ikajizima yenyewe. Kipimo kilisema beringi imekosa hewa.

Jioni ile simu ya Yamini iliita.

"Mpenzi, nimeshatuma ripoti," Sharat alisema taratibu.

"Ripoti gani? Nilikuomba usubiri kesho niifungue mashine!"

"Bosi aliitaka leo. Na kipimo kimesema..."

"Kipimo, kipimo! Umelala na kipimo wewe? Nilikuomba siku moja, Sharat. Moja!"

"Angekuwa mtu mwingine, ungeniambia nimfichie?"

"Mimi si mtu mwingine! Au ndiyo nimejua leo?"

Alikata simu, akaitupa kitandani, akalia kwa hasira. Ukaidi ule ule uliomfanya ampende ndio sasa uliomchoma. Sharat alipiga tena na tena. Hakupokea.

Asubuhi alikwenda maabara peke yake, akafungua beringi kipande kwa kipande. Haikuwa na mkwaruzo. Haikuwa na dalili ya joto. Ilikuwa nzima kama ilivyotoka kwa fundi. Ndipo akakichungulia kitundu ambacho kipimo hupimia hewa, kitundu chembamba kisichozidi tundu la sindano. Akachokoa kwa waya. Kikatoka kipande kigumu cha rangi ya njano.

Akanusa. Manjano!

"Nini hicho?" Bosi wake, Bwana Kulkarni, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Manjano ya sikukuu, bosi. Yamekauka ndani ya kitundu. Beringi ilikuwa na hewa tele, kipimo ndicho kilichozibwa!"

Kulkarni alishika kichwa. "Funga hiyo mashine. Na mdomo ufunge vilevile."

"Ati nini?"

"Kesho yule mama wa makao makuu atakuwa hapa. Nimwambie kwamba mashine ya mamilioni imezibwa na manjano ya tambiko? Watatucheka mpaka tustaafu! Beringi imeshindwa, basi. Utatia sahihi, utapewa kazi nyingine."

"Mficha uchi hazai, bosi."

"Haya, zaa! Lakini ujue, ukisema, aliyepaka hatabaki hapa. Na aliyepaka unamjua."

Alimjua, sana tu. Moyo ukampasuka vipande viwili. Akisema, anampotezea Sharat kazi. Akinyamaza, anaizika beringi yake kwa mkono wake mwenyewe. Akatoka nje, akapiga simu.

"Umenipigia," Sharat alisema, kama mtu asiyeamini.

"Usijipendekeze. Manjano uliyapaka wapi?"

"Kwenye beringi yako. Wengine hupaka ganda la nje tu. Mimi nikasema hapana, ya Yamini ipate baraka zake yenyewe."

"Juu ya kitundu cha kipimo!"

"Mpira unaokiunganisha na kipimo ulikuwa umefunguliwa, na... Mungu wangu! Yamini, ni mimi niliyekuharibia?"

"Ni wewe, mjinga wangu." Neno lilimponyoka, na akaliacha liende. "Kulkarni anataka ninyamaze. Nikisema, watakufukuza."

"Sema."

"Sharat..."

"Kipimo kilipokuumiza wewe niliandika. Leo kinaniumiza mimi ndiyo nifute? Nitakuwa mtu gani? Sema. Usiposema, nitasema mimi."

Yamini alifuta machozi kwa ncha ya shali. "Kesho navaa sari nyekundu. Wajue sikuja kuomba radhi."

Akaivaa kweli, yenye pindo la dhahabu, akaingia nayo mkutanoni kati ya mashati meupe. Bi Lindqvist, mkubwa kutoka ng'ambo, aliketi mwisho wa meza. Kulkarni akakohoa, akaanza: "Kwa masikitiko, beringi hii..."

"Haijashindwa," Yamini alisema, akasimama. Akaeleza yote, akaweka mezani kile kipande cha njano. Mtu mmoja alicheka puani.

"Manjano?" Bi Lindqvist aliuliza. "Haya ya kupikia?"

"Hayo hayo, mama. Tunaipaka mashine kwa kuiheshimu, na sitaomba radhi kwa heshima. Kosa ni mahali yalipopakwa. Kuanzia sasa vitundu vyote vizibwe kabla ya sikukuu. Lakini kutia sahihi kwamba kazi yangu imeshindwa, sitii! Nifukuzeni kama mnataka. Ila kwanza iwasheni."

Mlangoni sauti ikasema, "Aliyepaka ni mimi."

Bi Lindqvist alimtazama Sharat, kisha akamgeukia Kulkarni. "Ulikuwa unajua?" Kulkarni akawa anafuta miwani isiyo na vumbi.

"Wewe, kijana, kabidhi kadi yako ya mlango. Utachunguzwa," mama yule alisema. "Ninyi wengine, twendeni tukaiwashe."

Sharat alikabidhi, akatoka bila kuinamisha kichwa. Yamini alitamani kumkimbilia, lakini mashine ilikuwa inamsubiri.

Ikawashwa. Ikaunguruma, ikapanda mwendo, ikapita pale ilipojizima juzi, ikazidi kupanda mpaka muungurumo ukawa mluzi mwembamba, laini, usiotetemeka. Kipimo kilitulia tuli. Bi Lindqvist aliweka kiganja kwenye kioo, akatikisa kichwa kwa kukubali. Yamini hakungoja pongezi. Alitoa simu, akampigia Sharat, akaielekeza kwenye spika ya chumba cha mashine.

"Unaisikia?"

Huko getini, Sharat alisikia. "Naisikia. Ee Yamini, inaimba!"

"Inaelea, Sharat. Mhimili unaelea!"

"Hongera, mpenzi wangu. Mimi sijui hata kama nina kazi."

"Nimekuuliza habari ya kazi? Sikiliza. Jumapili nakuja kwenu na mama yangu. Kukuposa."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Yeye akapaza sauti zaidi.

"Una wazimu!" Sharat alisema. "Mwanamke anaposa wapi? Mama yangu atazimia!"

"Mmwagieni maji. Na wewe ndiye utakayetoka jikoni na sinia ya kahawa, macho chini kama mwali, mama yangu akukague. Miaka yote mnatukagua hivyo sisi wanawake!"

"Na akinikataa?"

"Leo nimewakatalia wakubwa wa dunia nzima, nitashindwa na mama? Sema unakubali au hukubali, watu wanasubiri jibu."

Mluzi wa mashine ukaendelea kwenye simu. Kisha Sharat akauliza, kwa sauti ya chini, kama mwali kweli:

"Mama yako anakunywa na sukari?"