Mguno wa Sadala

Haya yalimfika shoga yangu Sikudhani, zamani za Mwingereza. Kaka yake Sadala, mkata mikoko, alikuwa amelazwa na mgongo mwaka mzima, akiguna usiku kucha. Tulisikia kijiji cha Mohoro yuko mganga anayefukia wagonjwa kwenye matope ya moto. Safari ya mtumbwi ingeweza kumuua, basi Sikudhani akatangulia peke yake kuuliza kama inafaa ampeleke.

Kibandani mwa mganga mlikuwa na giza. Nyuma ya pazia la mkeka mtu akaguna. Sikudhani aliujua mguno ule.

"Umechelewa, mwanangu," mganga akasema, kabla hajaelezwa shida. "Kaka yako yumo humu tangu jana."

Hakuthubutu kufunua mkeka. Alirudi nyumbani, akamkuta Sadala kitandani palepale, kinywa kikifunguka na kufumbika, akiguna bila sauti.