Miungano ya Sauti ya Winfrida

Winfrida alikuwa jikoni anamenya ndizi aliposikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka chumba cha mbele. "Hosea." Ni ile ile anayosomea matangazo kanisani. Lakini yeye hakuwa amefungua mdomo.

"Umeacha kompyuta inaongea?" alimuuliza mumewe.

"Umeme hakuna tangu asubuhi," Hosea alijibu bila kumtazama.

Kwa wiki tatu Winfrida alikuwa amesoma mbele ya maikrofoni maneno yasiyo na maana: pame, pamo, sepa, sepo. Hosea alisema anatengeneza mashine ya kuwasomea vitabu watoto wasioona. Alimweleza kwamba a iliyo jirani na m si ile iliyo jirani na s, maana kila sauti huanza kumwelekea mwenzake kabla haijaisha. Ndiyo maana alikata rekodi kutoka katikati ya sauti moja hadi katikati ya inayofuata, akahifadhi vipande hivyo alivyoviita miungano. Ukiwa nayo yote, alisema, unatamka neno lolote.

Kesho yake mchana ukungu uliteremka kutoka mlimani ukafunika Tukuyu nzima. Chumba cha mbele kilinuka nywele zilizoungua, na mle ndani sauti ya Winfrida ikacheka. Alimkuta Hosea amepiga magoti mbele ya kiti kitupu.

"Humu kuna nani?" alinong'ona.

"Ni jini. Linaniita tangu nikiwa mtoto. Linazo sauti zote, ila kuziunganisha haliwezi. H... o... s... e... a. Kila siku, Winfrida. Likasema nikilipatia miungano ya mtu, litaniacha."

"Na wale watoto?"

"Hakuna watoto."

"Kwa nini hukutoa yako?"

"Lilitaka ya mtu anayetoa kwa moyo. Nani mwingine angenipa?"

Alitaka kumlaani, lakini sauti zilimtoka mojamoja, kila moja na kimya chake. Hosea akaziba masikio.

Winfrida akakimbia. Alipita mashamba ya chai huku mvua ikimpiga usoni, na kila aliyejaribu kumwomba msaada alirudi nyuma kwa hofu, naye akazidi kukimbia, matope hadi magotini, akiwaza mtu mmoja tu ambaye asingemkana, hadi akafika Lupepo, akaegemea mlango wa mama yake.

"H... o... d... i."

Komeo likasukumwa kwa ndani.

"Ondoka, kwa jina la Yesu," mama yake alisema.

Winfrida akaweka kiganja kwenye mbao. "M... a... m... a."

Ndipo sauti yake mwenyewe ikasikika upande wa migombani, kwenye mlango wa nyuma, laini, imechoka, inalia.

"Hodi, mama. Ni mimi, Winfrida. Hosea amenisaliti."

Hatua za mama yake zilikwenda haraka kule nyuma.

"Pole, mwanangu. Ingia, ingia ndani."