Madawati ya Wageni

Kila asubuhi kabla ya kengele, Sisimizi alinyunyiza maji kwenye sakafu ya darasa lao, akafagia, kisha akatandika gunia lake karibu na ukuta. Walimwita Sisimizi kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakuonekana mikono mitupu hata siku moja. Bibi yake, aliyemlea, alipenda kusema, "Mwacheni. Sisimizi hubeba mzigo unaomzidi."

Sakafu ile ilikuwa ya udongo wenye mashimo. Wanafunzi walikaa chini juu ya magunia, wakaandika madaftari yakiwa magotini. Lakini nyuma ya darasa yalipangwa madawati mapya. Wafadhili walikuwa wameyaleta muhula uliopita, waliposikia kwamba watoto wa kijiji kile husomea chini. Bado yalikuwa yamefunikwa nailoni.

"Asiyaguse mtu," mwalimu mkuu alisema siku yalipofika. "Wafadhili watarudi kuyaona. Wakiyakuta kama walivyoyaacha, watatujengea madarasa. Wakikuta hata mkwaruzo, watasema hawa hawajui kutunza, na hatutawaona tena."

Hakuwa mkali kwa kupenda. Alizaliwa kijijini pale, na alikumbuka pampu ya maji waliyopewa alipokuwa mtoto. Ilipoharibika, watu waling'oa vyuma vyake kimoja kimoja. Walioileta walikuja, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Tangu hapo kila zawadi ilimtia hofu.

Kilichomsumbua Sisimizi ni maduara. Mtihani ulikuwa karibu, na kila alipozungusha bikari ya kuazima juu ya goti, duara lilitoka limebonyea.

"Hili ni yai," alisema mwalimu wa hisabati. "Mrudishie kuku."

Darasa zima liliangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa rafiki yake, msichana waliyemwita Kelele. Lakini ni Kelele huyohuyo aliyemfuata baada ya masomo, akamwekea bikari yake mkononi. Hapakuwa na nyingine darasani.

"Kaa nayo mpaka kesho," alimwambia. "Ila ukiipoteza, na mimi umenipoteza!"

Wenzake walipoondoka, Sisimizi alibaki kupanga magunia. Aliyatazama madawati. Akasogea, akainua ncha ya nailoni. Ubao ulikuwa laini, umetulia kama maji mtungini.

"Moja tu," alijiambia.

Akaweka karatasi, akazungusha bikari. Duara likatoka zima, zuri kama mwezi mpevu. Akacheka peke yake, akachora jingine. Mara hiyo kipande cha penseli kilichomoka, na chuma kikapasua karatasi. Akaiinua haraka. Juu ya vanishi palikuwa na duara jeupe, lililozunguka likakutana.

Alilisugua kwa mate, akalisugua kwa pindo la sketi. Halikufutika. Nje mlango wa ofisi ulibamizwa, na Sisimizi akashusha nailoni, akatoka mbio.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu alikuja kuyafuta vumbi madawati, maana wafadhili wangefika kesho yake. Wanafunzi walimwona akifunua moja, la pili, kisha akasimama. Mgongo wake haukutikisika.

"Nani?" aliuliza taratibu, na sauti ile ya chini ilitisha kuliko kelele. "Nani ametuharibia?"

Aliinama, akaufuata mkwaruzo kwa kidole.

"Hili ni duara. Limechorwa kwa bikari. Nani ana bikari humu?"

Macho yote yakamgeukia Kelele. Kelele alimtazama Sisimizi. Sisimizi alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama chini.

"Si mimi, mwalimu," Kelele alisema.

"Bikari ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi nenda nyumbani. Kesho usikanyage hapa. Nitazungumza na wazazi wako wageni wakishaondoka."

Kelele aliokota gunia lake, akatoka bila kumtaja mtu. Hilo ndilo lililomchoma Sisimizi kuliko yote.

Jioni hakula. Bibi aliisogeza sahani, akaiacha, akaanza kuchambua maharage ya mbegu kana kwamba hana haraka duniani.

"Tumbo linauma?" aliuliza baadaye.

"Hapana, Bibi."

"Basi kuna kitu umekimeza ambacho si chakula."

Sisimizi akalia. Alisema yote: yai, bikari, duara, na namna Kelele alivyomtazama. "Nikisema, hawatajenga madarasa. Kijiji kizima kitanichukia, Bibi. Naogopa!"

Bibi alifuta mikono, akamvuta kifuani. "Hata mimi naogopa, mama. Sitakudanganya kwamba hakuna la kuogopa. Lakini mwenzako amebeba mzigo wako, na wewe ndiye sisimizi. Kesho nitakusindikiza. Utasema wewe, mimi nitakushika mkono."

Asubuhi, walipokaribia shule, Sisimizi alisimama ghafla. Gari la wageni lilikuwa limeshafika. Kupitia dirishani alimwona mwalimu mkuu, jasho limemlowesha kola, amesimama mbele ya lile dawati kama anayelikinga na mvua. Mama mmoja wa makamo, kiongozi wa wafadhili, alikuwa akitazama wanafunzi waliopangwa ukutani.

"Turudi, Bibi," alinong'ona.

"Tukirudi, kesho njia itakuwa ndefu zaidi."

Wakaingia. Bibi alisalimia. Mwalimu mkuu akakunja uso, lakini Sisimizi alishasogea mbele, mkono wake ukitetemeka ndani ya mkono wa Bibi.

"Shikamooni. Mimi... mimi ndiye niliyekwaruza dawati. Si Kelele. Alinikopesha bikari tu. Naomba msiache kujenga madarasa. Ni mimi peke yangu."

Yule mama alimpita mwalimu mkuu, akainua nailoni, akalitazama duara.

"Kwa nini hukuchorea kwenye dawati lako, mwanangu?"

Sisimizi hakulielewa swali. "Sina dawati. Sisi tunakaa chini. Haya ni madawati ya wageni."

"Ya wageni?"

"Ndiyo. Yenu."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. Alisimulia habari ya pampu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akakaa juu ya gunia, akaomba daftari na ile bikari iliyobaki kwa Sisimizi. Alizungusha juu ya goti lake, ulimi umetoka pembeni kwa bidii.

"Yai!" mtoto mmoja alipiga ukelele, na darasa zima likacheka, yule mama akiwa wa kwanza.

Aliposimama, macho yake yalikuwa na machozi. "Kuna watu kwetu walijinyima ili watoto wenu wakae vizuri. Madarasa tuliyoyaahidi tutayajenga. Lakini nikirudi nikayakuta haya bado mapya, siku hiyo ndipo nitakapokasirika."

Mwalimu mkuu hakungoja wageni waondoke. Alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi kwa kina Kelele, akaomba radhi mbele ya wazazi wake, akarudi naye. Nailoni zilikwishang'olewa. Sisimizi alikuwa amepiga magoti mbele ya dawati, anasugua duara kwa msasa wa seremala kama alivyoagizwa, vumbi la mbao limemjaa puani.

Kelele alimsogelea. "Ulichelewa," alisema.

"Nisamehe."

"Sogea kwanza. Hujui hata kusugua." Akachukua kipande cha pili cha msasa.

Mwalimu mkuu aliinama karibu yao, akaokota nailoni iliyobaki sakafuni.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Mimi niliogopa lawama, nikafunika madawati, nanyi mkaendelea kuumia magoti. Sisimizi aliogopa, akafunika kosa, na rafiki yake akaumia. Tulifunika kwa nailoni moja. Kuogopa si dhambi, hata mtu mzima huogopa. Lakini ukiona hofu yako inamuumiza mwingine, ifunue mapema, hata kama mkono unatetemeka."

Akaikunjakunja ile nailoni, akaitia kwenye pipa la taka. Kisha akawaambia wote waketi.