Mwezi wa Njia ya Tandahimba

Kila jioni ya Ramadhani, Yasmini aliosha vikombe vya futari, kisha akamshika bibi yake mkono na kumketisha kwenye mkeka uani. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Majirani wa kijiji cha Makote walingoja redio itangaze mwandamo wa mwezi, lakini bibi, kwa ubishi wake, alisema redio itangaze yake. Yeye alingoja neno la mjukuu wake.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya mfungo, ukungu ulitanda. Yasmini alitoka njiani, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma, hakuona kitu. Salmini, mtoto wa jirani, akamcheka kwamba macho yake mwaka huu yamezeeka. Maneno hayo yalimchoma. Tena ndani gauni jipya la Idi lilikuwa linaning'inia msumarini, linamngoja. Akarudi uani mbio.

"Bibi, nimeuona."

Bibi aliinua mikono akashukuru. Papo hapo akaagiza mchele wa vitumbua ulowekwe, maana kesho ni Idi.

Mama mdogo Sophia, mwalimu wa Masasi aliyekuja kwa sikukuu, alikuwa akichochea moto. Alimuuliza taratibu mwezi ameuona upande gani. Yasmini akanyoosha kidole juu ya mikorosho, njia ya Tandahimba.

Sophia hakubisha. Alimwingiza jikoni, akafunga mlango, akawasha tochi na kuiweka juu ya kinu. Akampa limau. Tochi ni jua, alimwambia, limau ni mwezi, na kichwa chako ni dunia. Yasmini alilinyoosha limau kuelekea tochi, akaona upande wenye giza tu. Alipogeuka kidogo, ukingo mwembamba ukawaka, upande uleule wa tochi. Alipoipa tochi mgongo na kuliinua limau juu ya kichwa, likang'aa lote. Kumbe! Akarudia tena na tena, hataki kuacha.

Mama mdogo alimweleza kwamba mwezi hauna nuru yake. Ni mwamba mkubwa usio na hewa, unaangazwa na jua huku ukiizunguka dunia, na ndiyo satelaiti yetu ya asili, moja tu. Sayari ya Zuhura haina hata mmoja, lakini Mshtarii inayo miezi chungu nzima. Yasmini alibaki mdomo wazi, akijaribu kuiwaza anga hiyo.

"Sasa niambie," Sophia alisema. "Mwezi mwandamo hukaa karibu na jua linapozama. Jua letu huzama wapi?"

"Upande wa Masasi, si wa Tandahimba," Yasmini alijibu kwa sauti ndogo, na machozi yakamlengalenga.

"Na bibi yako kesho atakula mchana wa Ramadhani kwa neno lako."

Yasmini alitoka akapiga magoti mkekani. "Bibi, nisamehe. Sikuona kitu."

Bibi akasema mchele utolewe majini, watu wale daku, kesho wafunge. Usiku ule hakumwita Yasmini mjukuu wangu, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Jioni iliyofuata ukungu ulifunguka. Yasmini aligeukia Masasi, na pale chini, juu ya wekundu wa jua, mwezi ulikuwepo, mwembamba kama ule wa kwenye limau. Hata upande wake wa giza ulionekana kwa mbali, mviringo mzima. Mwamba mkubwa namna ile, na hakuna kilichoushika! Mwili ulimsisimka, akanong'ona, "Subhanallah."

Alimleta bibi, akaunyoosha mkono wa bibi kuelekea mwezi.

"Upande gani?" bibi aliuliza.

"Masasi, Bibi. Pale jua lilipozama."

Bibi aligeuza uso wake huko.

"Basi na mimi nimeuona, mjukuu wangu," alisema. "Jana ulikubali kuniambia hukuona, ndiyo maana leo nakuamini. Mtu wa kunitazamia mwezi ni yule anayeweza kurudi akaniambia haupo."

Kisha akamtuma akaloweke mchele.