Tiara Kubwa na Daftari la Upepo

Kila siku saa moja asubuhi Mama Turubai alifungua karakana yake. Kwanza alimwomba Mungu amlindie vidole. Kisha alilisogeza turubai la mlangoni, akaketi kwenye cherehani, akaanza kazi. Alishona maturubai ya malori, mahema ya shughuli na mifuniko ya mizigo. Kazi yake ilisifiwa kwa jambo moja: haikufumuka. Pindo alilipiga mshono mara mbili, na pembe mara nne.

"Nilichofunga mimi hakifunguki," alipenda kusema. "Mpaka nikifungue mwenyewe."

Mume wake alikuwa amefariki. Aliishi na binti yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana. Binti alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Cheche, kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya ulimi wake pia.

Juu ya cherehani ilining'inia tiara, yaani kishada cha kurusha angani. Haikuwa tiara ya karatasi ya kuchezea. Mama aliishona kwa kitambaa chepesi cha hema, upana wake mita nne. Ilikuwa na kamba nne ndefu, mbili za mbele na mbili za nyuma. Tiara ya namna hii humvuta mtu mzima. Kando yake ilikuwapo nyingine ndogo, ya siku za upepo mwingi. Cheche aliunda kigari cha magurudumu matatu. Siku ya mapumziko aliketi humo, akashika tiara, na upepo ukamkokota uwanja mzima wa mpira huku akicheka peke yake.

Mji wao ulikuwa mbali na bahari na mbali na ziwa. Kwa hiyo watu hawakuacha kusema. Shemeji yake Mama Turubai, ndugu wa marehemu mume wake, ndiye aliyesema zaidi. Yeye alikuwa katibu wa kamati ya uwanja.

"Hayo ni mambo ya ufukweni," alisema. "Huku kwetu hakuna upepo, shemeji. Kuna vumbi tu."

"Basi vumbi hilo hilo litamvuta," Mama Turubai akajibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

Siku moja ya mapumziko, saa saba mchana, Cheche alishusha tiara zote mbili.

"Mama, leo upepo ukoje?"

Mama alitazama turubai la mlangoni, kama alivyofanya siku zote. Lilikuwa limelala kimya.

"Mdogo sana. Chukua hiyo kubwa. Na mikono uivishe vile vitanzi."

Vitanzi hivyo alivishona mwenyewe kwenye mishikio. Kazi yake ilikuwa kubana kifundo cha mkono, ili tiara isimponyoke binti yake ikapotea. Alivipiga mshono mara nne.

Uwanjani, Mama akitazama kutoka getini, mambo yalikuwa mengine. Tiara ilipanda vizuri. Kigari kikaanza kwenda. Mara upepo ukaja kwa mkupuo, kama mtu amesukuma mlango kwa teke. Cheche alinyanyuliwa kutoka kwenye kigari. Akaanguka kifudifudi, akaburutwa.

"Achia!" Mama alipiga kelele. "Achia, mwanangu!"

Cheche alifumbua viganja. Lakini vitanzi havikuachia. Alikokotwa hadi kwenye uzio, nguzo mbili za uzio zikalala chini, na tiara ikanasa kwenye goli. Mama alifika mbio. Alikata vitanzi kwa mkasi wa kazi uliokuwa mfukoni mwake. Mfupa wa mtulinga wa binti yake ulikuwa umevunjika.

Kesho yake mwenyekiti wa uwanja alikuja karakanani pamoja na shemeji.

"Mtoto angekufa," mwenyekiti alisema. "Tena na wapita njia. Kuanzia leo tiara ni marufuku. Baada ya wiki nane kamati itakaa. Tutapiga kura, tufunge jambo hili kabisa."

"Kitambaa chenyewe kizuri," shemeji akaongeza. "Kata mifuko, shemeji. Utapata mifuko mingi tu."

Cheche alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani. Akasema, "Baba mdogo, anza kukata shati lako."

"Nyamaza wewe," Mama akasema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Uzio nitautengeneza. Wiki nane tutakaa bila kurusha. Lakini kukata sikati. Umefunga uwanja, mwenyekiti. Upepo hauna mwenyekiti."

Walipoondoka, Mama aliketi kitandani akalia. Alijua vitanzi ni kazi ya mikono yake. Aliomba dua ndefu. Hakuomba tiara iruhusiwe. Aliomba aonyeshwe kosa lake.

Jioni ile jirani alikuja kumpa mgonjwa pole. Jirani huyu alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa. Kila siku alisoma vipimo saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, mvua inyeshe jua liwake. Watu walimwita Bwana Vipimo. Alisikiliza habari yote. Kisha akauliza, "Upepo mliupimia wapi?"

"Hapo mlangoni," Mama alijibu. "Turubai lilikuwa limelala."

Bwana Vipimo alitoka nje akatazama ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na ghala refu.

"Mama, hapa uko nyuma ya ghala. Limekukinga. Ni kama kumuuliza mtu aliyejifunika blanketi kama nje kuna baridi."

Cheche alicheka, kisha akashika bega kwa maumivu.

"Upepo hupimwa pale pale unapoutumia," Bwana Vipimo aliendelea. "Katikati ya uwanja, juu, pasipo kitu cha kuukinga. Nyumba na miti huuvuruga. Ukitoka nyuma ya mti unakuwa umejikunjakunja, unapiga huku, unaacha kule. Mti ukiwa na urefu wa mita tano, kaa mbali nao mita hamsini au zaidi."

"Na ule mkupuo ulitoka wapi?" Cheche aliuliza. "Mwanzo ulikuwa mzuri kabisa."

"Saa saba mchana! Huku bara jua likichoma ardhi, hewa ya moto hupanda juu, na nyingine hukimbilia pale ilipotoka. Upepo unakuja vipande vipande. Ndiyo saa ya visulisuli vya vumbi. Subirini jioni jua lipungue ukali, au rusheni asubuhi kabla ardhi haijapata moto."

"Kwa hiyo upepo upo," Mama alisema polepole.

"Upo sana. Ila wa kwetu una tabia zake. Nanyi hamjazijua. Sasa nionyeshe vile vitanzi."

Alivigeuza mkononi, akavivuta kwa nguvu.

"Umeshona vizuri mno. Hapo ndipo palipo na kosa. Nilipokuwa mafunzoni tulirusha tiara za kubebea vipimo. Swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa hili: ukitaka kuiachia, utaiachiaje? Usijifunge kamwe kwenye tiara inayovuta. Wala usiviringishe kamba mkononi."

"Nikiiachia itapotea," Cheche alisema.

"Haipotei. Shona mkanda mlegevu wa mkononi, ufungwe kwenye kamba za nyuma tu. Ukiachia mishikio, kamba za mbele zinalegea, za nyuma zinavuta. Tiara inakunjika, inaanguka kama shuka."

Mama Turubai alivipokea vitanzi. Miaka thelathini alikuwa ameshona vitu visivyoachia. Sasa aliambiwa ashone kitu cha kuachia. Aliinuka, akawasha taa ya cherehani.

"Nieleze tena," alisema. "Mkanda unaanzia wapi?"

Wiki ile ile walianza kuchunguza upepo. Cheche alielekeza, kwa sababu mkono ulikuwa bado umefungwa, na fundi mwenzake akachomelea. Walisimamisha mlingoti katikati ya uwanja, wenye urefu wa watu watatu. Juu waliweka utepe mwekundu. Chini yake waliweka kipima upepo. Kilikuwa pawa tatu za kupakulia mchuzi, zimechomelewa kwenye ekseli ya baiskeli. Moja ilipakwa rangi nyeupe. Walihesabu ilipita mara ngapi kwa nusu dakika.

"Sasa mchuzi tutapakulia nini?" Mama aliuliza.

"Kikombe, Mama. Hatujafa bado."

Walinunua daftari. Mama alikuwa na elimu ya msingi tu, lakini mwandiko wake ulisomeka. Aliandika siku, saa, upepo ulikotoka na hesabu ya pawa. Kila mara walihesabu mara tano. Aliandika hesabu kubwa kabisa na ndogo kabisa.

"Zikikaribiana, upepo umetulia," Bwana Vipimo aliwafundisha. "Kubwa ikiwa maradufu ya ndogo, msiguse tiara. Tazameni pia miti. Majani yakitikisika tu, subirini. Vijitawi vikicheza na utepe ukinyooka, ni wakati mzuri. Miti yote ikiyumba, kunyweni chai nyumbani."

"Na nguzo za umeme?" Cheche aliuliza.

"Zikiwa karibu, hakuna tiara. Radi ikisikika hata mbali, hakuna tiara. Hapo hakuna mjadala."

Shemeji alipita akawakuta wanahesabu.

"Wanahesabu pawa!" aliwaita wenzake. "Njooni muone. Leo upepo mmeupata vijiko vingapi?"

"Kumi na nane, baba mdogo," Cheche alimjibu. "Karibia nikupakulie."

Wiki zikapita. Daftari likaanza kusema. Mchana hesabu zilirukaruka. Jioni, kuanzia saa kumi, upepo ulitoka upande wa vilima ukatulia. Pembe ya uwanja iliyo upande wa ghala ilikuwa mbaya saa zote. Na mara tatu Mama aliandika jambo lile lile: wingu jeusi upande wa vilima, pawa zikasimama kimya, kisha upepo mkali ghafla. Mara hizo tatu alizipigia mstari.

Ikafika siku ya kikao, saa kumi jioni. Kamati ilisimamisha hema uwanjani, hema la kukodi. Watu walijaa. Mkono wa Cheche ulikuwa umepona, na daktari alikuwa amemruhusu. Alivaa kofia ngumu na glavu. Mikanda mipya ilikuwa imejaribiwa mara nyingi, kamba zikiwa zimefungwa mtini, bila tiara kurushwa.

"Sisi si watu wabaya," mwenyekiti alitangaza. "Turushieni tuone. Ikienda salama, tutafikiria. Msiporusha, tunapiga kura sasa hivi."

Upande wa vilima wingu lilikuwa limesimama, jeusi kama sufuria. Utepe ulining'inia. Pawa hazikuzunguka.

Cheche alitazama juu. Akavua glavu.

"Leo sirushi."

Watu waliguna.

"Hewa imetulia hivi!" shemeji alisema. "Unataka itulie vipi? Au mtulinga umekukumbusha?"

"Muoga!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Kazi kuhesabu pawa tu!"

Mama Turubai alihisi joto usoni. Wiki nane alikuwa amechekwa. Neno moja lilikuwa mdomoni mwake: rusha. Rusha uwafunge midomo. Alitazama wingu, akatazama ile mistari kwenye daftari. Aliona tena mwanawe akiburutwa. Akameza neno lile.

"Harushi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Pigeni kura yenu. Tufungieni uwanja mpaka tufe. Mwanangu simrushi ili kumfurahisha mtu."

"Basi," mwenyekiti alisema. "Wanaotaka tiara ifungwe, nyoosheni..."

Mikono ilianza kunyooka. Pawa nyeupe ikatikisika.

"Tokeni hemani," Mama alisema.

"Nini?"

"Tokeni humo! Upesi!"

Alimvuta mwenyekiti kwa mkono wa shati. Wengine walifuata, wengine wakinung'unika. Upepo ulifika na ukuta wa vumbi. Viti viliruka. Hema la kukodi likang'oka na vigingi vyake, likapinduka, likaenda kulala juu ya goli. Pawa zilizunguka mpaka ile nyeupe haikuonekana tena. Radi ikapiga nyuma ya vilima. Watu walijibanza ukutani pa ofisi ya uwanja, macho yamejaa mchanga.

Upepo ulipopungua, mwenyekiti alijifuta uso. Hakuna aliyeumia. Alitazama nguzo za hema zilizopinda.

"Ulijuaje?" aliuliza.

Mama alimpa daftari. Alisoma kurasa kadhaa, akirudi nyuma, akienda mbele. Shemeji alichungulia begani pake.

"Njooni kesho kutwa," mwenyekiti alisema mwishowe. "Na daftari hili lije."

Kesho kutwa, saa kumi na moja jioni, pawa zilihesabiwa mara tano, na hesabu zote zikawa kati ya ishirini na mbili na ishirini na nne. Cheche alichukua tiara ndogo. Alizunguka uwanja mara sita. Katikati ya mzunguko wa saba aliachia mishikio makusudi, na tiara ikakunjika ikaanguka. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kuigusa. Kamati ikapiga kura siku ile ile. Iliruhusu tiara, kwa sharti kwamba ubao wa upepo, wenye hesabu za siku na kanuni zake, uwekwe getini na mtu yeyote asirushe kabla ya kuusoma. Mama aliwaandikia ubao kwa mkono wake. Sasa hata walimu wa michezo huusoma kabla ya kutoa wanafunzi nje, na waweka mahema huusoma kabla ya kupigilia vigingi.

Mwezi uliofuata Mama Turubai alikuja uwanjani na kofia ngumu kichwani. Aliketi kwenye kigari. Cheche alimvisha mikanda, akampa mishikio.

Shemeji alikuja mbio, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Shemeji! Mwanamke wa umri wako! Watu watasemaje?"

Mama alisoma utepe. Ulikuwa umenyooka sawasawa. Alitaja jina la Mungu kimoyomoyo, akainua tiara, na kamba zikakaza.

"Sogea, shemeji," alisema. "Hapo uliposimama ndipo ninapopita."